Kero za muungano: jinsi ya kupeleka hoja FDA kuhusu bidhaa zenye dawa na kifaa, zikasomwa

Nianze kwa kuondoa mkanganyiko maana najua kuna mtu ashasoma kichwa cha habari akawaza dawa mseto ya malaria, hapana, siyo hiyo. Naongelea bidhaa ambayo ndani yake dawa na kifaa tiba vimeungana: bomba la sindano lililotoka kiwandani likiwa na dawa ndani, inhela ya pumu, peni ya insulini, stenti ya moyo iliyopakwa dawa, au ile Sayana Press ya uzazi wa mpango ambayo kina mama Uganda wanajichoma wenyewe nyumbani, kimfuko cha dawa na sindano yake vimeshikana moja kwa moja. Mi naziita bidhaa za muungano, na Watanzania wenzangu mnajua tayari tunakoelekea, mamlaka mbili kwenye nyumba moja, kila moja na taratibu zake, na kero haziishi.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeko kwenye kampuni ya dawa au vifaa, hasa nyie wa usajili na ubora, ambaye kuna kanuni au mwongozo wa FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, unambana na anataka ubadilike. Watu wa NGO wanaita uchechemuzi. Nimeuelekeza Marekani kwa sababu ndiko ninakofanyia kazi, na kwa sababu kule mlango uko wazi kuliko watu wanavyodhani, hata ukiwa Tandika na simu yako unaweza kutuma maoni juu ya rasimu ya FDA na yakaingia kwenye faili sawasawa na ya kampuni kubwa. Kuingia ni rahisi, ila wengi wakishaingia wanalalamika tu afu wanatoka.

Ijue nyumba kwanza

FDA ina vituo vitatu vinavyotuhusu hapa. CDER inashika dawa, CBER inashika chanjo, damu na mambo mengine ya kibiolojia, CDRH inashika vifaa. Mwaka 1990 Bunge lao lilipitisha sheria kwamba bidhaa ya muungano iwe na kituo kimoja kinachoongoza, na anayeongoza anapatikana kwa kuangalia kazi kuu ya bidhaa, yani ni kitu gani hasa kinamtibu mgonjwa. Stenti yenye dawa kazi yake kubwa ni kuushikilia mshipa ubaki wazi, dawa iliyopakwa inasaidia usizibe tena, kwa hiyo inaenda CDRH. Sindano iliyojazwa, kinachotibu ni dawa, basi CDER. Zipo ambazo ukiziangalia hata wewe mwenyewe huelewi zikae wapi, na ndio maana mwaka 2002 sheria nyingine ikaunda Ofisi ya Bidhaa za Muungano ndani ya FDA, wanaiita OCP, na 2005 ikatoka kanuni ya kufafanua hiyo "kazi kuu" maana yake nini.

Ila kituo kimoja kikiongoza haina maana kingine kimelala. Kanuni ya 2013, ile wanayoiita Sehemu ya 4, inasema mwenye mfumo wa ubora wa dawa anaweza kubaki nao lakini aongezee vipengele vya upande wa vifaa, kama udhibiti wa usanifu (kumbukumbu za jinsi kifaa kilivyobuniwa na kupimwa), udhibiti wa wale unaonunua kwao vipuri, na utaratibu wa kurekebisha kosa na kuzuia lisijirudie. Alafu kuanzia 2 Februari 2026 upande wa vifaa wenyewe ukahamia kwenye kiwango cha kimataifa cha ubora wa vifaa tiba, ISO 13485, kwa hiyo na hivo vipengele vya kuazima navyo maneno yakabadilika. Mtu wa dawa aliyezoea vitabu vyake miaka 20 ukimwambia habari za faili la usanifu anakuangalia kama umemwambia ahame nyumba.

Hii kero ni yangu au ni yetu?

Jibu hili swali kabla hujamwita mtu yeyote kwenye kikao.

Kama tatizo ni bidhaa yako moja haijulikani iende kituo gani, hapo hamna cha kutetea sera, kuna fomu yake. Unaiandikia OCP ombi rasmi la kupangiwa, wao wanaita RFD, mwisho kurasa 15, unaeleza bidhaa na unapendekeza mwenyewe iende wapi, na FDA ina siku 60 kujibu. Utamu wake ni kwamba siku zikiisha wamekaa kimya, pendekezo lako ndilo linakuwa uamuzi. Kuna na njia nyepesi ya kuuliza kabla, isiyo rasmi, kama unataka kupima maji. Kuna kampuni moja, sitaitaja, ilihangaika karibu mwaka mzima kutafuta umoja wa viwanda uipiganie, kumbe ilichohitaji ni kurasa 15 na mtu wa kukaa chini kuziandika.

Kero inakuwa yetu pale kampuni tatu tofauti zinapouliza swali lilelile na kupewa majibu matatu, au pale kanuni iliyoandikwa kwa kuwazia vidonge inapolazimishwa kwenye sindano ya kujidunga. Hapo sasa endelea kusoma.

Chagua mlango

Milango ni mingi na bei zake hazifanani.

Wa kawaida ni doketi, yani faili la wazi la kukusanyia maoni. FDA ikitaka kutunga kanuni inaitangaza kwenye gazeti la serikali kuu, Federal Register, inafungua doketi kwenye Regulations.gov, watu wanapewa muda wa kutoa maoni, mara nyingi siku 60 au 90. Angalia namba ya doketi, ile herufi ya katikati inakuambia uko kwenye mchezo gani: N ni matangazo na kanuni, D ni miongozo, P ni petisheni. Tofauti yake ni kubwa. Kwenye kanuni FDA inalazimika kujibu hoja za maana ilizopokea, utazikuta kwenye utangulizi wa kanuni ya mwisho zimepangwa kwa namba, hoja na jibu lake. Kwenye mwongozo hamna anayekujibu, utajua wamekusikia pale toleo la mwisho likitoka na sentensi imebadilika. Watu wengi wanadharau miongozo kwa kuwa kisheria haimfungi mtu, mi nawaambia mkaguzi aliyekaa na faili lako anafanya kazi na mwongozo mkononi, kwa hiyo huo ndio pakupigania. Na zuri jingine, mwongozo unaweza kuutolea maoni wakati wowote hata kama muda ulishapita, japo ukichelewa usitegemee yaingie kwenye toleo linalopikwa.

Petisheni ya mwananchi ipo, unaiomba FDA itunge au ibadilishe kitu, na wanatakiwa wajibu ndani ya siku 180. Jibu la siku ya 180 mara nyingi ni kwamba suala ni gumu na bado wanalitafakari. Kama una haraka achana nayo.

Kuna mlango wa ada ambao kampuni ndogo hawaujui kabisa. Tangu 1992 kampuni za dawa zinalipa FDA ada za kupitia maombi, kwa sheria inayoitwa PDUFA, na kila miaka mitano inabidi ihuishwe, kwa hiyo FDA na viwanda wanakaa mezani kukubaliana FDA itafanya nini na kwa muda gani, muhtasari wa vikao unawekwa hadharani. Mkataba wa 2022 una ahadi kuhusu jinsi FDA itakavyopitia uchambuzi wa hatari za matumizi ya bidhaa za muungano, yani mtumiaji anaweza kukosea wapi na akadhurika vipi, kitu ambacho usingekipata kwa doketi. Ule unaishia Septemba 2027. Vikao vya namna hii vinaanza mapema sana, miaka miwili hivi kabla, ukija na hoja mwezi wa mwisho utakuta wenzako washakula washanawa.

Na mahakama. Huu mlango ukiufungua hujui nani atapita. Kampuni ya Genus Medical Technologies ilikuwa na bidhaa za bariamu salfeti, zile anazokunywa mgonjwa ili utumbo uonekane kwenye eksirei. FDA ikasema ni dawa. Genus wakasema kwa maneno ya sheria yenyewe ni kifaa na FDA haina hiari ya kujichagulia. Aprili 2021 mahakama ya rufaa ya DC ikawapa Genus ushindi. Sawa, hongera, lakini hukumu ilikuwa pana, FDA ikabidi ipitie upya vitu vingine ilivyokuwa inaviita dawa, na Machi 2022 ukatoka mwongozo unaosema baadhi ya dawa za macho zinazofungashwa na kidropa chake ni bidhaa ya muungano. Fikiria mtu anatengeneza matone ya macho maisha yake yote kama dawa ya kawaida, anaamka anaambiwa kile kidude cha kudondoshea ni kifaa na kuna Sehemu ya 4 inamsubiri, na kesi yenyewe hakuwemo. Desemba 2022 Bunge likaingilia, likaandika kwenye sheria kwamba hizo dawa za kuonyesha picha, kama bariamu, zihesabiwe dawa. Ushindi wa Genus haukufikisha hata miaka miwili.

Tafuta wenzako, ila chunga mdomo

Hoja ya kampuni moja inasomeka kama shida ya kampuni moja. Upande huu kuna umoja wa viwanda mbalimbali: kuna Combination Products Coalition ambao kazi yao ni bidhaa hizi tu, kuna AdvaMed kwa watu wa vifaa, PhRMA na BIO kwa watu wa dawa. Ukiwa mdogo usiende kukaa kwenye mkutano mkuu kupiga makofi, omba kuingia kikundi cha kuandika, kile cha watu sita saba wanaoshika rasimu, kule ndiko sentensi zinakozaliwa na mara nyingi wanatafuta mtu mwenye muda.

Kumbuka tu mnaokaa naye meza moja ni mshindani wako. Sheria ya ushindani ya Marekani ipo tangu 1890 na haina utani. Mahakama yao ya Juu kabisa iliamua 1961 kwamba washindani kwenda pamoja kuiomba serikali kitu kunalindwa, lakini ulinzi huo haufuati mazungumzo yenu ya pembeni kuhusu bei, wateja, au nani ataingia soko gani. Ajenda iandikwe kabla, mwanasheria awepo, muhtasari utunzwe. Hatari yenyewe huwa haiko kikaoni, iko kwenye kahawa ya mapumziko mtu anapouliza "nyie mnauzaje?"

Jambo la kujiandikisha kama mlobi: maoni ya maandishi kwenye doketi ya wazi hayahesabiki kama kulobi kwa sheria yao ya 1995. Ukianza kwenda kuonana na wafanyakazi wa wabunge ni habari nyingine, muulize mwanasheria kabla ya kukata tiketi.

Kabla ya kuandika, shuka kiwandani

Hapa ndipo hoja nyingi zinapofia. Watu wa sera wanaandika wakiwa ofisini, "hitaji hili ni mzigo usio wa lazima", na msomaji wa FDA ashaona hiyo sentensi mara elfu moja haimwambii kitu.

Shuka ukaongee na wanaoshika kazi. Waulize mara ya mwisho kanuni hii ilipowagusa ilikuwaje, siku gani, badiliko gani, wakafanya nini. Mfano wa kutunga lakini wa aina ninayokutana nayo: kampuni inabadilisha rangi ya kofia ya sindano ya kujidunga kutoka kijivu kwenda bluu kwa kuwa muuzaji wa plastiki ya kijivu amefunga. Umbo lilelile, nguvu ya kuvua ileile, hatua za mgonjwa zilezile. Wanaambiwa waonyeshe majaribio mapya ya utumiaji, yani kuwaangalia watu wakiitumia bidhaa. Sasa mwongozo wa CDRH wa 2016 unataka angalau watu 15 kwa kila kundi la watumiaji, kwa hiyo ukiwa na wagonjwa, walezi na manesi hao ni watu 45, chumba, kamera, msimamizi, ripoti, kwa rangi. Hiyo ndiyo hoja, inahesabika, na mtu wa FDA akiisoma anaiona.

Ila usifiche upande wa pili. Kama rangi ile ya bluu inafanana na ya dozi nyingine ya kampuni hiyohiyo, basi mgonjwa anaweza kuchukua isiyo yake, na majaribio yana maana. Sema hivo mwenyewe kwenye maoni yako. Ukiisema wewe kwanza wanaamini yaliyobaki, wakiigundua wao umekwisha.

Sasa andika

Maoni yangu ya kwanza nayakumbuka vizuri, kurasa 14, utangulizi wa historia ya kampuni, kuipongeza FDA aya mbili nzima, alafu manung'uniko. Mwongozo wa mwisho ulipotoka nikautafuta mstari kwa mstari kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Hamna kitu. Bosi wangu wa wakati ule, mama mmoja asiyependa maneno mengi, akaniuliza, "Ulitaka waandike nini?" Nikaanza kumweleza tatizo tena. Akasema, "Tatizo nimelielewa, nakuuliza waandike nini." Sikuwa na jibu maana sikuwa nimeliandika popote.

Tangu hapo naandika jedwali. Rasimu za miongozo ya FDA zina namba za mistari pembeni, na zipo kwa ajili yako, zitumie. Safu nne: namba za mistari, maneno yaliyopo, maneno unayopendekeza, sababu. Kwa ule mfano wa kofia ingekuwa hivi (ya kweli utaiandika kwa Kiingereza bila shaka):

Maneno yaliyopo: "Mwombaji afanye majaribio ya utumiaji kwa kila badiliko la sehemu anayoishika mtumiaji."

Maneno tunayopendekeza: "Mwombaji afanye uchambuzi wa hatari za matumizi kwa kila badiliko la sehemu anayoishika mtumiaji. Majaribio yafanywe pale uchambuzi unapoonyesha badiliko limegusa hatua ambayo mtumiaji akikosea anaweza kudhurika, ikiwa ni pamoja na kuchanganya bidhaa au dozi."

Sababu: sentensi tatu, nne zikizidi, na mfano wa rangi ndani yake.

Angalia kilichofanyika hapo. Hatujaomba kuachiwa, tumeomba kupima kwanza, na tumemwekea mkaguzi sentensi anayoweza kuinakili kama ilivyo. Yule anayepitia maoni ana mamia mezani na mkutano saa nane mchana, ukimpa kazi ya kutunga sentensi ataahirisha, ukimpa sentensi atapima kama ni nzuri au mbaya. Mi nadhani nusu ya kazi yote hii iko hapo kwenye safu ya tatu, na ndiyo safu ambayo kampuni zinaiacha tupu.

Mengine ya haraka: hoja nzito tano zinatosha, ndogondogo za nukta na koma zipeleke mwisho au ziache. Tumia maneno yaleyale ya sheria, usijibunie istilahi. Na kile mnachokipenda kwenye rasimu mkitaje, kwa namba ya mstari, maana kuna watu wengine wanaandika kwenye doketi hiyohiyo kuomba kitolewe na nyie mkikaa kimya wao ndio watakaosikika.

Kutuma

Kila kinachoingia Regulations.gov kinasomwa na dunia nzima, mshindani wako na mwandishi wa habari wakiwemo. Kama kuna takwimu za siri za kiwanda usizipakie mtandaoni, kuna utaratibu wa karatasi, nakala mbili, moja nzima na nyingine imefutwa siri zake, zinaenda ofisi ya doketi ya FDA kule Rockville, Maryland. Ukituma mtandaoni utapewa namba ya ufuatiliaji, itunze. Usitume saa tano usiku siku ya mwisho, tovuti ina tabia zake na saa zao siyo za Dar.

Kama kampuni iko kwenye umoja, tuma na wa kwenu mfupi ukisema mnaunga mkono hoja za umoja namba fulani na fulani, alafu weka mfano mmoja wa kwenu. Kunakili barua ya umoja neno kwa neno na kubadilisha nembo hakuongezi uzito wowote, wanaziona.

Subira, na kusoma majibu

Jiandae kungoja. Kanuni ya kuripoti madhara ya bidhaa za muungano zikishaingia sokoni ilipendekezwa 2009, ya mwisho ikatoka Desemba 2016. Miaka saba, mtoto aliyezaliwa na rasimu yuko shule ya msingi. Na hata baada ya hapo haikuwa imeisha, baadhi ya vipengele vilitakiwa kuanza Julai 2018, lakini FDA ikatangaza haitavisimamia mpaka Julai 2020, na kwa wanaoripoti kupitia mfumo wa chanjo mpaka Januari 2021, kwa sababu kampuni zilihitaji muda wa kurekebisha mifumo yao ya kompyuta na kumbukumbu. Kwa hiyo tarehe ya kuanza nayo ni kitu cha kuombea, hata pale maneno ya kanuni yashagoma. Ukiiombea nenda na ratiba ya watu wako wa IT, wiki kwa wiki, siyo "tunahitaji muda zaidi".

Kama mnauza na Ulaya, kule kifungu cha 117 cha kanuni yao ya vifaa kilianza kutumika 26 Mei 2021, na sindano iliyojazwa dawa inahitaji maoni ya taasisi ya tathmini kuhusu upande wa kifaa. Kabla hujaiomba FDA iandike kitu, hakikisha hakigongani na ulichokubali kule, maana faili la usanifu ni lilelile moja.

Toleo la mwisho likitoka, fungua jedwali lako upande mmoja na toleo jipya upande wa pili, weka safu ya tano: wamekubali, wamekubali nusu, wamekataa. Kwa kanuni soma na utangulizi, tafuta jibu la hoja yako, ukikuta wamekataa wakaeleza sababu hiyo sababu inakili ilivyo, usiifupishe. Hilo jedwali la safu tano ndilo utakaloingia nalo kikundi cha kuandika rasimu nyingine ikitoka, na ukifika usianze na kero, anza na zile za "wamekubali nusu".